Shuleni, kwa zamu, au kazini moja kwa moja: njia tatu za kumfunza mwanafunzi mwenye ulemavu kazi na maisha ya kujitegemea

Mwanafunzi mwenye ulemavu akibakiza miaka michache ya shule, maswali hubadilika. Kusoma aya na kujumlisha hakutoshi tena. Je, ataamka mwenyewe? Atapanda basi linalotakiwa, atafanya kazi mpaka muda uishe, atajua mshahara wake umeingia? Kwa shule na familia nyingi uchaguzi hubaki kati ya njia tatu: kumfunza ndani ya shule kwa karakana na jiko la mafunzo, kumpeleka mwaka mmoja wa zamu ndani ya taasisi moja kubwa, au kumtafutia kazi halisi mapema na kumpa mkufunzi wa kufuatana naye. Njia zote tatu zimetoa wafanyakazi wazuri, na zote tatu zimetoa vijana waliorudi kukaa nyumbani. Mara nyingi tofauti iko katika kumlinganisha mwanafunzi na njia, halafu katika jambo moja ambalo halitajwi kwenye vipeperushi: msaada unaondolewaje.

Vipimo vitano

Mahali. Ustadi hauhami wenyewe. Mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili au usonji anaweza kuendesha mashine ya kufulia ya shule bila kosa hata moja, kisha akaduwaa mbele ya mashine ya nyumbani kwa sababu ile ina vitufe na hii ina swichi ya kuzungusha. Huo si ukaidi. Alichojifunza ni mashine ile, hakujifunza kufua. Kwa hiyo uliza: anafunzwa mahali atakapotumia ustadi huo, au mahali panapofanana napo tu?

Marudio. Kipindi kimoja cha mapishi kwa wiki hakifiki marudio 40 kwa mwaka mzima wa masomo. Kwenye mgahawa wenye wateja, mtu anafuta meza 20 kabla ya saa sita mchana.

Msaada. Nani anasimama karibu naye, wanafunzi wangapi kwa msaidizi mmoja, na mpango gani umeandikwa wa kumfanya msaidizi huyo asihitajike.

Stadi za kuishi. Usafiri, pesa, chakula, dawa, usafi wa mwili, kujieleza mbele ya mgeni. Kuna njia inayozibeba pamoja na kazi, na kuna inayoziacha zote mikononi mwa familia.

Watu na muda. Vifaa si gharama kubwa. Gharama kubwa ni saa za mtu.

Vipimo hivi havina uzito sawa kwa kila mwanafunzi. Kijana kiziwi asiye na ulemavu wa akili hana shida ya kuhamisha ustadi. Shida yake ni msimamizi asiyejua hata alama kumi za lugha ya alama, na kengele ya moto asiyoisikia. Kwa asiyeona, ramani ya jengo na matumizi ya fimbo nyeupe hutangulia kazi yenyewe, na hujifunzwa upya kila anapohamia jengo jingine. Kwa mwenye ulemavu wa viungo, kujitegemea hakumaanishi kujifungia vifungo vya shati kwa dakika arobaini. Ed Roberts, aliyeishi na athari za polio na kutegemea mashine ya kupumulia, aliingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1962, na mwaka 1972 kituo cha maisha ya kujitegemea alichokipigania kikafunguliwa mjini humo. Msimamo wa vuguvugu lile ulikuwa kwamba anayejitegemea ni anayeamua, hata kama mkono unaotekeleza ni wa mwingine. Mwanafunzi wa namna hiyo anahitaji kufunzwa kumwelekeza msaidizi wake: kumwambia afanye nini, kwa utaratibu gani, na wakati gani aache. Huo nao ni ustadi, na ni mara chache kuukuta kwenye ratiba ya shule.

Jaribio la wiki mbili kabla ya kuchagua

Chagua shughuli fupi yenye hatua 12 ambayo hajawahi kufundishwa. Ifundishe shuleni kwa siku nane hivi, mpaka aifanye peke yake mara tatu mfululizo. Kisha mpeleke mahali pengine: chumba kingine, vifaa vya muundo mwingine, msimamizi asiyemzoea. Mpe agizo la kawaida tu, mara moja, unyamaze. Hesabu hatua alizofanya bila msaada.

Akibaki na hatua 9 au zaidi, anahamisha ustadi vizuri, na mafunzo ya shule yatamfikisha mbali. Akishuka mpaka 4 au 5, kila saa utakayotumia kwenye karakana ya shule itabidi irudiwe kazini. Akiwa katikati, angalia ni hatua zipi zilizopotea. Zikiwa ni zile zinazohusu kifaa, utatibu tatizo kwa kumfunzia vifaa viwili au vitatu tofauti tangu mwanzo. Zikiwa ni kuanza na kumaliza, tatizo ni kwamba alikuwa anamngoja mwalimu.

Katika wiki hizo hizo andika mambo mengine matatu: anadumu dakika ngapi kabla ya kuacha, kelele au msongamano unamfanya nini, na akiachwa huru anaendea kazi gani. Hilo la mwisho lina thamani kuliko dodoso lolote la "unapenda kazi gani", kwa sababu mwanafunzi aliyefanya kazi mbili tu maishani hawezi kuchagua kati ya ishirini anazozisikia kwa jina.

Njia ya kwanza: mafunzo ndani ya shule

Hapa kuna jiko, chumba kilichopangwa kama nyumba, karakana, bustani, au duka dogo la shule linalouza vifaa vya kuandikia.

Mahali na marudio. Mahali ni pa kuigiza, na hilo ndilo jema lake na ndilo baya lake. Jema, kwa sababu kosa halina mteja: mwanafunzi anaweza kumwaga, kuchoma na kurudia. Baya, kwa sababu hakuna anayeharakisha, na mwendo wa shule ni wa polepole kuliko mwendo wa kazi yoyote inayolipwa. Marudio ni machache isipokuwa shughuli iwekwe kwenye utaratibu wa kila siku. Jiko la shule linalopika chakula cha wanafunzi kila mchana hufunza kuliko jiko la somo linalofunguliwa Alhamisi.

Msaada. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi watano hadi wanane ni jambo la kawaida, maana yake kila mmoja anapata dakika chache za mkono kwa mkono na muda mrefu wa kungoja zamu. Kungoja huku hufunza kungoja. Dawa yake ni kuwapa wanaongoja kazi zenye maelekezo ya picha ambazo hawahitaji mwalimu kuzianza.

Stadi za kuishi. Hapa njia hii inazishinda nyingine mbili. Shule ina nafasi ya kufunza kupika, kufua, kutandika, kunyoa na kutumia pedi kwa faragha na kwa utulivu. Mfano wa pesa: wanafunzi wengi wenye ulemavu wa akili hawatafika kuhesabu chenji kwa haraka, na miaka hupotea wakilazimishwa. Wafunze kulipa kwa kuongeza moja juu: bei ikisomeka 7 na senti, toa 8, ikisomeka 12 na senti, toa 13. Chenji irudi, itumbukizwe mfukoni. Kwa njia hii kijana anayejua kuhesabu mpaka 20 anafanya manunuzi yake bila mtu kumshikia pochi. Kwa dawa, kisanduku chenye vyumba saba vya siku pamoja na alamu ya simu hufanya kazi kuliko kumkumbusha, lakini fundisha pia akikuta chumba cha jana bado kimejaa afanye nini: asimeze dozi mbili kwa pamoja, apige simu kuuliza.

Panapoharibika. Mwanafunzi anabaki "anajiandaa" mpaka siku ya kumaliza shule. Kila mwaka huongezwa orodha ya mambo ambayo lazima ayajue kwanza, na orodha haiishi. Tatizo la pili ni kazi za bandia: kutenganisha skrubu ambazo jioni mwalimu anazichanganya tena ili kesho zitenganishwe. Wanafunzi hulitambua hilo mapema kuliko tunavyodhani, na wanaacha kujitahidi.

Anayefaa. Wa miaka 12 hadi 15 karibu wote. Wakubwa waliofanya vizuri kwenye jaribio la kuhamisha. Wenye mahitaji ya afya yanayohitaji muuguzi karibu. Wenye woga mkubwa wa watu wapya, kwa muda maalumu wenye tarehe ya mwisho.

Njia ya pili: mwaka wa zamu ndani ya taasisi moja

Mfano unaojulikana zaidi ni Project SEARCH, ulioanza mwaka 1996 katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, na baadaye ukasambaa hadi nchi nyingine, Uingereza ikiwemo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huhamia mahali pa kazi kwa mwaka mzima wa masomo. Siku inaanza na kipindi cha darasani humo humo kwenye jengo, kisha kila mmoja anaenda idara yake, na jioni wanakutana tena kwa muda mfupi. Kwa kawaida kuna zamu tatu za wiki kumi au zaidi kidogo, kila moja katika idara tofauti: ghala la vifaa, jiko, usafi wa vyumba, kumbukumbu, mapokezi.

Mahali na marudio. Mahali ni halisi: sare, kitambulisho, saa ya kuingia, msimamizi asiye mwalimu. Marudio ni saa nne au tano za kazi kila siku. Na kwa kuwa jengo halibadiliki, mwanafunzi anajifunza njia, choo, kantini na sura za watu mara moja tu, kisha anabadilisha kazi bila kubadilisha kila kitu kwa wakati mmoja. Kwa wengi wenye usonji hilo peke yake ndilo linalowaokoa.

Msaada. Mwalimu mmoja na wakufunzi wawili au watatu kwa kundi la wanafunzi kama kumi. Kuwa jengo moja kunawawezesha kuzunguka: asubuhi mkufunzi yuko na anayeanza kazi mpya, mchana anamchungulia yule aliyezoea. Wafanyakazi wa idara huchukua polepole nafasi ya kuelekeza, ilimradi walielezwa tangu siku ya kwanza kwamba ndio watakaobaki naye.

Stadi za kuishi. Usafiri na usafi wa mwili vinafunzwa kwa ukali wa kweli, kwa kuwa anayechelewa anaonekana. Kupika na kufua havimo. Familia inayodhani programu imebeba kila kitu hugundua mwisho wa mwaka kwamba kijana anajua kupanga ghala la hospitali na bado anapakuliwa chakula.

Panapoharibika. Zamu ya kwanza huchaguliwa kwa urahisi wa idara badala ya kufaa kwa mwanafunzi, na wiki kumi zinakwisha. Idara hupewa kazi za pembeni ambazo hakuna mtu anayeajiriwa kuzifanya, hivyo hata akizimudu hazimpi kazi. Kabla ya kusaini, uliza kila idara: mtu anayefanya kazi hii hapa analipwa, na mara ya mwisho mlimwajiri nani kuifanya? Shida kubwa zaidi huja mwishoni: taasisi inawapenda wanafunzi wote kumi lakini ina nafasi mbili. Wanane wanahitaji kutafutiwa kazi kwingine, na utafutaji ulipaswa kuanza kwenye zamu ya pili. Ukianza baada ya sherehe ya kuhitimu, umechelewa.

Anayefaa. Wa mwaka wa mwisho wanaotaka kufanya kazi lakini hawajui ipi. Wanaohitaji utaratibu usiobadilika-badilika. Wanaoweza kudumu saa nne kwa siku. Hapafai kwa wenye kuchoka haraka sana, wala mahali ambapo hakuna mwajiri mkubwa karibu. Kituo cha wafanyakazi 15 hakiwezi kubeba wanafunzi kumi.

Njia ya tatu: kazi halisi na mkufunzi kando

Hapa mpangilio wa kale unageuzwa. Badala ya kumwandaa kwanza ndipo atafutiwe kazi, anatafutiwa kazi inayomfaa yeye mmoja, kisha anafunzwa pale pale, na mkufunzi anarudi nyuma hatua kwa hatua. Njia hii ilienea Marekani kuanzia miaka ya 1980. Nyuma yake kuna kazi ya Marc Gold, ambaye miaka ya 1970 alionyesha kwamba watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, waliodhaniwa hawawezi lolote, waliweza kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15 walipofundishwa kwa mpangilio makini. Mwanafunzi akishindwa, mwalimu anayefuata fikra hii anaanza kwa kuangalia mafunzo aliyompa.

Mahali na marudio. Hapa njia hii haina mpinzani: kazi ile ile, kifaa kile kile, msimamizi yule yule, kila siku.

Msaada. Mmoja kwa mmoja mwanzoni, na ndiyo sababu ya gharama yake. Tulitazame hili kwa karibu, kwa kuwa ndipo pesa hupotea au huzaa.

Chukua kazi ya kufuta meza kwenye mgahawa. Mkufunzi anaifanya mwenyewe kwanza, siku mbili, ndipo anaandika hatua:

1. Vaa glavu.
2. Chukua chupa ya dawa na kitambaa.
3. Toa vyombo vilivyobaki.
4. Kusanya makombo kwenye sinia, usiyaangushe chini.
5. Nyunyiza mara nne, kila pembe mara moja.
6. Futa kutoka upande wa mbali kuja kwako.
7. Futa kingo.
8. Geuza kitambaa, pitia tena.
9. Rudisha kibebeo cha chumvi katikati.
10. Ingiza viti.
11. Inama utazame meza kwa upande, uone kama kuna alama.
12. Tafuta meza inayofuata yenye vyombo, uende.

Hatua ya 12 ndiyo inayosahaulika kwenye orodha nyingi. Mafunzo yanaishia meza inapong'aa, halafu kijana anasimama na kitambaa mkononi akingoja kuambiwa, na msimamizi anasema hana bidii. Kumbe hakufunzwa kamwe kwamba meza moja inaita nyingine.

Kila hatua iandikiwe herufi moja: P kama amefanya peke yake, I kama alihitaji ishara, M kama alihitaji maneno, K kama aliongozwa mkono. Akiwa na P saba kati ya 12, yuko asilimia 58. Namba hiyo ikiwekwa kwenye daftari kila siku, hakuna haja ya kubishana kama anaendelea.

Namna ya kusaidia ina kanuni zake. Baada ya agizo, subiri sekunde tano nzima; wasaidizi wengi hawafiki hata mbili. Anza na msaada mdogo: kuangalia kifaa, kisha kukionyesha kwa kidole, maneno yawe machache, mkono uwe wa mwisho. Maneno ndiyo magumu kuliko yote kuyaondoa, kwa sababu "haya, sasa tufanye nini?" inakuwa hatua yenyewe, na mfanyakazi hawezi kuendelea bila kuisikia. Picha iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati inaweza kubaki milele bila kumwudhi mtu. Geuza utaratibu palipo na hatari: mafuta ya moto, dawa kali za kusafishia, kuvuka barabara. Hapo unaanza na msaada kamili na kuupunguza kidogo kidogo, kwa kuwa kosa moja linaweza kuumiza.

Mkufunzi asimame wapi? Wiki ya kwanza kando yake. Akifikisha P 10 kati ya 12 kwa zamu tatu mfululizo, hatua mbili nyuma. Kisha upande wa pili wa chumba. Kisha chumba kingine, akirudi kila nusu saa. Kisha siku mbili kwa wiki, na mwisho simu moja kwa wiki. Kila rudi nyuma iwe na tarehe kwenye karatasi. Pasipo tarehe, mkufunzi anaonekana wa lazima kwa sababu yupo. Dalili ya mapema ya kuharibika ni msimamizi anayemwambia mkufunzi, "mwambie afute na ile ya dirishani." Mkufunzi asiifikishe salamu hiyo. Ajibu, "mwambie mwenyewe, anakusikia," kisha akae kimya.

Stadi za kuishi. Usafiri unafunzwa kwa lazima, na unafunzwa vizuri ukifuata ngazi: safari za pamoja mkikaa kiti kimoja, kisha mkufunzi anakaa viti vitatu nyuma, kisha wanaagana kituoni na kukutana upande wa pili, kisha anasafiri peke yake na kutuma ujumbe akifika. Kabla ya kumwacha, mpitishe kituo kwa makusudi na umwone anafanya nini. Safari iliyokwenda sawa mara ishirini haijamfunza kupotea. Mshahara nao huleta somo lake: akaunti kwa jina lake, namba ya siri asiyomtajia hata rafiki, na makato anayoweza kuyaonyesha kwa kidole. Panapotolewa posho ya ulemavu, kipato kinaweza kuipunguza, kwa hiyo iulizwe ofisi husika kabla ya kusaini mkataba. Upishi, usafi wa nyumba na mambo ya faragha havifunzwi kazini, vitafutiwe muda wake.

Panapoharibika. Kazi hupatikana kwa haraka, kwa kuwa kuna mtu anamfahamu mtu, na kijana asiyevumilia kelele anawekwa mahali pa kelele. Au msimamizi aliyempenda anahama, na mpya hajui lolote. Ukurasa mmoja ulioandikwa na mfanyakazi mwenyewe, kwa msaada, huzuia mengi: nafanya nini vizuri, nieleze vipi, nikikasirika fanya hivi. Tatu ni upweke. Mtu mmoja mwenye ulemavu kati ya wafanyakazi wanane anaweza kula peke yake miezi sita. Kumtafutia mwenzake wa mapumziko ni sehemu ya kazi ya mkufunzi, ingawa hakuna fomu inayoiulizia.

Anayefaa. Aliyeshuka sana kwenye jaribio la kuhamisha. Anayejua anachotaka. Mwenye ulemavu mkubwa ambaye miaka yote ameambiwa bado hajawa tayari, na kwa huyu ningeipa njia hii uzito kuliko wengi wanavyofanya. Kiziwi, asiyeona au mwenye ulemavu wa viungo ambaye anachohitaji ni mkalimani, programu ya kusoma skrini au meza ya kimo kinachofaa, na siku chache tu za mkufunzi.

Na karakana za pekee?

Kuna wanaouliza kuhusu karakana ambako watu wenye ulemavu peke yao hufanya kazi za mkono kwa malipo madogo. Zina utulivu, marafiki na usafiri, na familia nyingi huzithamini kwa hayo. Lakini kama mlango wa kwenda ajira ya kawaida, ni nadra mtu kuupita. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 27, unazungumzia kazi katika soko lililo wazi na jumuishi, na ibara ya 19 inazungumzia kuishi ndani ya jamii. Ukilazimika kuichagua, dai iandikwe nini kitamtoa humo na lini hali yake itapitiwa upya.

Kwa hali yako

Ana miaka 14 na shule ina jiko na karakana: anza shuleni, lakini kila muhula tia wiki moja ya kukaa mahali pa kazi halisi, mahali tofauti kila mara. Usingoje miaka ya mwisho. Hata sheria ya Marekani, ambayo mara nyingi huchukuliwa kama kipimo, inataka mpango wa mpito, yaani wa kutoka shuleni kwenda kwenye kazi na maisha ya utu uzima, uwe unatumika mwanafunzi anapofikisha miaka 16.

Yuko mwaka wa mwisho na hajui anapenda nini: zamu ndani ya taasisi, kama ipo karibu. Kama haipo, ombeni waajiri watatu wadogo, kila mmoja wiki sita, na mkufunzi yule yule awe naye kote.

Amefaulu kila kitu shuleni na nyumbani hafanyi lolote: usibadilishe programu. Mwalimu aende nyumbani mara nne au tano na kufundisha kwenye jiko lile lile, na wanaoishi naye waondoke jikoni wakati huo. Mara nyingi kinachozuia ni mkono wa mama unaofika mapema.

Hakuna bajeti ya mkufunzi wa mmoja kwa mmoja: afunzwe mfanyakazi aliyepo. Nusu siku inatosha kumwonyesha kusubiri sekunde tano, ngazi ya msaada na karatasi ya herufi nne. Mwajiri ampunguzie kazi kidogo wiki mbili za kwanza. Mwalimu apite Jumatatu na Alhamisi, asome karatasi kabla ya kuuliza mambo yanaendaje.

Mzazi anaogopa na mwanafunzi anataka: anzeni na usafiri peke yake, kando na kazi. Wiki nne za ngazi ya basi humpa mzazi ushahidi asioweza kuupata kwa maneno, na mwanafunzi anabaki na ustadi atakaoutumia njia yoyote itakayochaguliwa.

Mwajiri anapendekeza kipindi cha kujaribu bila malipo: kubali kwa siku, usikubali kwa miezi. Tarehe ya mwisho iandikwe, pamoja na kiwango cha P kitakachomaanisha ameajiriwa, na nakala moja akae nayo mwanafunzi.